Toleo la Sita la Ngome Saba

Mitwero, Lindi
9 Juni 1994

Kwako mtani wangu Yassini, mtoto wa Wamatumbi walioamini kuwa risasi zitageuka maji,

Kama umesimama, tafuta kigoda ukae. Mimi mzima, cherehani yangu nzima, kazi ndiyo hakuna. Mji mzima umehamia kwenye mitumba, na siku hizi mtu ananiletea suruali ya Mzungu nimpunguzie kiuno, basi, hiyo ndiyo imekuwa kazi ya fundi. Lakini hilo si la leo.

Jana nilikwenda mjini kununua uzi. Kwenye duka la madaftari nyuma ya stendi nikaona sanduku la rangi rangi limefunikwa nailoni, limeandikwa kwa herufi kubwa NGOME SABA, TOLEO LA SITA. Yassini, nilipiga kigelegele mle dukani, mwenye duka akadhani nimepandwa na mashetani. Nikalinunua kwa hela ya uzi. Nilipofika nyumbani nikalifungua, nikakaa chini, nikalia kama mtu aliyefiwa mara ya pili.

Hakuna barua humo. Miaka kumi na tano sisi watu thelathini na moja tumecheza kwa barua. Kila mwezi kila mmoja anaandika amri za mji wake, Mzee Leonadi anazisoma zote kule Rutamba, anazipima kwa kanuni zake, anatudurufia majibu na kutuma. Mwezi mzima mtu unaumiza kichwa: nani kapanda, nani ana njaa, nani anasema amani huku anahesabu mitumbwi. Hawa wameweka dadu. Unarusha dadu, sita ikitokea umeteka mji. Mchezo unaisha kabla chai haijapoa. Kwenye ramani Rutamba, iliyo bara, imekaa ufukweni. Nyuma ya sanduku kuna tangazo la soda. Na pale pa mtunzi wameandika: Kampuni ya Fahari Biashara, Dar es Salaam. Jina la Leonadi halipo popote. Nimetafuta mpaka ndani ya kifuniko.

Sasa nisikilize. Unajua kanuni zote ziko kwenye ile kaunta buku nyeusi ya Mzee. Unajua pia, maana nilikuambia mwenyewe pale msibani tulipokuwa tunamenya mihogo, kwamba mwezi wa nane mwaka jana Mzee aliniita akaniambia macho yamechoka, toleo la sita nitalitunga mimi, na korosho zikishaanguka nikachukue kaunta buku. Akafariki mwezi wa kumi. Baada ya arobaini nikaenda kumwomba mwanawe Deo, aliyebaki kwenye ile nyumba. Deo akaniambia hajaliona daftari lolote. Alinitazama usoni akasema hivyo, nami mjinga nikaamini, nikarudi na kapu tupu.

Leo nimejua lilikokwenda. Deo amemuuza baba yake kabla udongo haujakauka. Mimi sitanyamaza, na ninakutaka wewe, mchezaji wa zamani kuliko wote, usimame na mimi. Wewe ulimpenda Mzee. Siku ile ya maziko, wewe na watani wenzako mlivyokamata kofia na fimbo yake mkakataa kuviachia mpaka wafiwa wavikomboe kwa jogoo, mjane alicheka, na alikuwa hajacheka siku tatu. Sikusahau hilo.

Nijibu upesi.

Mtani wako mwenye hasira,
Dativa


Miteja, Kilwa
27 Juni 1994

Kwako Dativa, mjukuu wa wavaa ndonya mdomoni,

Barua yako nimeipata salama. Kuhusu yale maji unayotusimanga nayo kila barua, kumbuka hata nyinyi Wamwera mlikuja kuyanywa, tena baada yetu. Mlichelewa hata kudanganywa.

Huku tuko salama, alhamdulillahi. Chama cha msingi bado kinapumua kwa shida. Sisi makarani tumebaki wawili tunalinda mizani, kwa sababu wakulima wanawauzia wanunuzi binafsi njiani kabla mzigo haujafika ghalani. Zamani mtu alikuwa anapanga foleni mlangoni kwangu. Sasa mimi ndiye ninayesimama barabarani kuwaangalia wakipita.

Toleo hilo nimeliona kwa mtu Kivinje. Umesema kweli tupu. Mimi nililigeuza ramani juu chini nikidhani macho yangu ndiyo yana kasoro. Mto Mbwemkuru wameutiririsha kuelekea bara. Mtu anayetiririsha mto kuelekea bara anaweza kukufanyia lolote. Na msimu wa njaa wameufuta kabisa, ina maana jeshi linaweza kutembea toka Rufiji mpaka Ruvuma bila kula. Mzee angeumwa tumbo. Roho imeniuma, Dativa, siwezi kukuficha.

Lakini kuhusu Deo, mtani, nakuomba twende taratibu. Haraka haraka haina baraka. Msiba ule watu walikuwa wengi, walioingia na kutoka hawahesabiki. Tusimhukumu mtu kwa jambo tusilolishuhudia. Nionavyo mimi tuiandikie kampuni, tulaani mchezo wenyewe, tudai jina la Mzee lirudishwe, na suala la daftari tumwachie Mungu, yeye ndiye mjuzi wa yote.

Nisalimie cherehani yako.

Wako katika utani,
Yassini


Mitwero
20 Julai 1994

Kwa Yassini, mpole kupita kiasi,

Suala la daftari tumwachie Mungu? Mungu ana mambo mengi. Mimi nimeshika kalamu mwenyewe.

Nimewaandikia wachezaji wote. Barua ishirini na tisa, mkono umevimba, mume wangu Romani amebandika stempu jioni mbili mfululizo akininung'unikia. Nimewaeleza yote na nimemtaja Deo kwa jina. Majibu yamekuja kwa wingi kuliko nilivyotegemea. Scholastica wa Nyangao amelirudisha sanduku dukani akataka hela yake, mwenye duka akagoma, akaliacha pale juu ya meza akaondoka. Mwanaima wa Kivinje anasema ile ramani ameipigilia kwenye banda la kuku kuzuia mvua, ila hata kuku hawaifurahii. Wengine wameandika kwa uchungu mpaka nimeshindwa kuzisoma kwa sauti. Mmoja tu, Benjamini wa Mtama, amenijibu eti watoto wake wanaupenda, eti mambo yamebadilika na sisi tumepitwa na wakati. Nimemjibu kwamba watoto wake wanapenda pia kula udongo.

Deo alikuja hapa kwangu Jumapili baada ya misa. Alitembea jua lote. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja akasema hajauza kitu, hajui kampuni, hajawahi kufika Dar. Akaapa kwa kaburi la baba yake. Nikamwambia aliyeuza jasho la baba yake haoni taabu kuapa kwa kaburi lake. Aliondoka bila kunywa maji. Nakuambia ukweli, niliona raha.

Sasa jambo limefika kwenye ukoo. Mjomba wake Evaristo ameitisha kikao Rutamba tarehe ishirini na moja Agosti, na mimi nimeitwa. Watu wanamwonyesha Deo vidole kisimani. Mkewe Jenipher amechukua watoto akaenda kwao Mtange, anasema hawezi kuishi kwa mtu anayeuza maiti. Kikao kinataka shahidi asiye wa ukoo. Nimekutaja wewe. Ulikuwa ndani ya chumba cha Mzee siku ile, watani mnaingia mpaka chumbani, mimi nilikuwa jikoni sikuona. Huna haja ya kusafiri. Andika tu ulichokiona: Deo alibeba kaunta buku au hakubeba. Barua yako itasomwa.

Najua utasema kweli.

Dativa


Miteja
6 Agosti 1994

Dativa mtani,

Naandika kwa haraka kwani gari la barua linaondoka. Mama yangu anaumwa miguu na ufuta umetuzidi.

Kuhusu ulilouliza. Siku ile mambo yalikuwa mengi na akili yangu ilikuwa na majonzi. Siwezi kusema kwamba nilimwona Deo akibeba lile daftari, wala siwezi kusema kwamba sikumwona. Kikao kiamue kwa busara zake.

Nakuombea heri.

Yassini


Mitwero
29 Agosti 1994

Yassini,

Kikao kimekwisha. Ninakuandikia nikiwa na mawazo mengi na sijui nianzie wapi.

Tulikaa barazani kwa Mzee. Nilisema yangu, na nilisema vizuri, nilikuwa nimejipanga. Wazee wakamuuliza Deo, Deo akarudia yale yale. Watu wakaanza kugawanyika, wengine wanasema kijana huyu tunamfahamu hana tamaa. Ndipo Mjomba Evaristo akasoma barua yako. Alipofika pale uliposema huwezi kusema ulimwona wala huwezi kusema hukumwona, watu wakasogeza vigoda mbele. Akaisoma sentensi hiyo mara ya pili. Akasema huyu ni mtu mzima na ni mtani wa marehemu, anamhurumia mtoto, hataki kumtaja. Kila mtu akaelewa hivyo. Hata mimi nilielewa hivyo, nikakushukuru moyoni kwa heshima uliyomwekea.

Wamemnyang'anya funguo za nyumba. Korosho za baba yake atazisimamia mjomba. Deo alisimama, hakupandisha sauti. Alisema, "Mimi huo mchezo sijausoma hata ukurasa mmoja. Baba alikuwa anakaa na barua zenu kuliko anavyokaa na sisi. Lingekuwa mkononi mwangu hilo daftari, ningewashia moto, nisingeliuza."

Akaondoka. Wanasema anapakia magunia kwenye ghala moja hapa mjini.

Nilirudi na lori nikiwa nimeshinda. Lakini maneno yake hayajanitoka, Yassini. Mwongo angesema alimpenda baba yake. Mtu anayetaka kujiosha hasemi kwamba angechoma. Nakata kitambaa naharibu. Jana nimekata mkono wa gauni mara mbili upande mmoja.

Nimeamua kuiandikia kampuni, kama ulivyoshauri mwanzo. Nimewauliza swali moja tu, nani aliwapa. Romani amempa dereva anayemfahamu aipeleke mkono kwa mkono. Nataka nione jina la Deo kwa wino wao, nilale usingizi.

Dativa


KAMPUNI YA FAHARI BIASHARA
Wanunuzi wa Korosho na Ufuta, Waagizaji wa Vipuri vya Baiskeli, Watengenezaji wa Michezo
Dar es Salaam

Kumb. Na. FB/MCH/17
3 Oktoba 1994

Bi Dativa,
Mitwero, Lindi.

YAH: MCHEZO WA "NGOME SABA"

Tafadhali rejea barua yako ya tarehe 28 Agosti 1994 kuhusu somo tajwa hapo juu.

Tunapenda kukufahamisha kwamba kampuni ililipata daftari la kanuni za mchezo huo kwa njia halali na kwa maandishi. Hati ya makabidhiano ilitiwa saini tarehe 4 Desemba 1993 na Bw. Yassini, karani wa chama cha msingi, Miteja, wilaya ya Kilwa, mbele ya wakala wetu wa ununuzi wa korosho, Bw. Abdala. Mkabidhi alipokea alichokitaja mwenyewe kuwa ni stahili yake, yaani jogoo mmoja na kanga doti moja. Familia ya marehemu haikuhusika kwa namna yoyote.

Kama ishara ya shukrani, Bw. Yassini alitumiwa sanduku moja la Toleo la Sita mwezi Mei mwaka huu, kabla halijaingia madukani.

Tunakutakia burudani njema.

Meneja Masoko


Mitwero
12 Oktoba 1994

Yassini,

Nimekuambatanishia barua ya kampuni. Nimeinakili neno kwa neno, ya kwao nimebaki nayo.

Nasubiri.

Dativa


Miteja
30 Oktoba 1994

Dativa,

Siku kumi na tatu nimeshindwa kukuandikia. Nimechana karatasi nyingi. Nitakueleza kama ilivyokuwa, na pale nitakapotaka kujipaka mafuta nitajizuia.

Siku ya maziko, wenzangu walipokamata kofia na fimbo, mimi niliingia chumbani nikakamata kaunta buku. Ilikuwa utani kama utani mwingine. Nililitia ndani ya koti nikisubiri kelele zikipanda nilitoe, niwaambie wafiwa kwamba mateka mkubwa ninaye mimi, walete jogoo. Jogoo wa kofia akaletwa, watu wakacheka, halafu mapadri wakafika, tukaenda makaburini. Tulipotoka huko lori la Kilwa lilikuwa linapiga honi. Nikapanda na daftari ndani ya koti. Nikajisemea wafiwa watafuata. Kwetu mfiwa akiona kitu hakipo anajua kipo kwa mtani, anatuma mtu na jogoo au kanga, na mtani haruhusiwi kumkatalia mkombozi. Unajua desturi. Arobaini ikapita, hakuna aliyekuja. Kumbe Deo hakujua hata kama kuna kitu cha kukomboa.

Ndipo alipokuja Abdala kununua korosho. Ni mtu mcheshi, anakaa ghalani kwangu anakunywa kahawa. Mimi nikamwonyesha lile daftari kwa kujisifu. Nikamwambia, tena kwa kucheka, hili ni mateka, linasubiri jogoo wa wafiwa. Wiki iliyofuata alirudi na gari, kwapani ana jogoo mwekundu, mkononi ana doti ya kanga mpya. Akasema ametumwa na wafiwa kukomboa.

Nilimuuliza, "Wewe ni nani kwa marehemu?"

Akasema, "Mkwe, nimeoa kwake."

Mzee Leonadi ana watoto wanne, Dativa, na wote ni wanaume. Nilijua. Nilimtazama Abdala naye akanitazama, nikapokea jogoo. Akatoa karatasi nitie saini. Desturi ya kukomboa haina karatasi, hilo pia nilijua, na nikatia saini.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza pia. Hela sikupewa wala sikuitaka. Ni vile ulivyoniambia pale tukimenya mihogo, kwamba Mzee amekuachia wewe. Ulisema huku umefurahi, na mimi nilicheka nikakuita fundi wa viraka vya wafalme. Lakini moyo ulinichoma. Mimi nimeshika mji wa Kisiwani tangu toleo la kwanza, ulipokuwa msichana wa shule hujui hata Ngome Saba ni nini. Kila mwezi miaka kumi na tano nilikuwa namwandikia Mzee kurasa sita za amri na mbili za ushauri. Hakuwahi kuniambia njoo Rutamba. Chama kinakufa, mizani nimekaa naitazama, na hata hilo moja nililojua kuliko watu wote amepewa mwingine. Kwa hiyo nilipoingia chumbani siku ile, mkono ulikuwa wa utani. Moyo haukuwa.

Nilidhani Abdala atalipeleka Dar wakalichapishe vizuri, jina la Mzee juu, labda na langu chini kwa herufi ndogo. Aliniahidi hivyo. Lilipofika sanduku mwezi wa tano nikatafuta majina kama ulivyotafuta wewe. Uliponiandikia barua ya kwanza lilikuwa chini ya kitanda changu. Nilikudanganya niliposema nimeliona kwa mtu. Na ile sentensi iliyosomwa kikaoni niliitunga kutwa nzima ili isiwe uongo. Sikutegemea itamvunja Deo. Hapana, nimesema nitajizuia. Nilijua inaweza kumvunja, nikaituma.

Nimemwandikia Mjomba Evaristo barua yenye maelezo haya haya. Aisome mbele ya watu.

Nina kitu kimoja cha kukupa. Kabla Abdala hajaja nilikuwa nimenakili kanuni ya kuzingira ngome, kurasa kumi na moja, ile ngumu ambayo hakuna mchezaji aliyewahi kuielewa yote na kampuni imeitupa. Hakuna nakala nyingine duniani. Nimezitia humu ndani ya bahasha. Najua ungali unataka kutunga toleo la sita la kweli, na bila hizi huwezi. Zichukue. Na kama umebaki na chembe ya huruma, kumbuka mtani hakasirikiwi. Nitukane uwezavyo, niite jina lolote, nitashukuru.

Yassini


Mitwero
21 Novemba 1994

Kaka Yassini,

Shikamoo. Umenizidi miaka kumi na miwili na sijawahi kukuamkia kwa sababu tulikuwa watani. Naanza leo.

Natumaini mama anaendelea vizuri na miguu yake. Sisi hatujambo.

Barua yako niliisoma mara moja. Kesho yake nilikwenda kwenye lile ghala. Deo alikuwa juu ya rundo la magunia. Nilipiga magoti pale chini kwenye vumbi, wapakiaji wenzake wanatazama, nikamwambia nilimzulia, nikamwambia ni nani aliyefanya na mimi nilivyomtangaza yeye kwa watu ishirini na tisa. Alimaliza kupanga mstari wake, akashuka, akaniuliza kama nimekula. Tulikula mihogo ya kuchoma tukiwa tumekaa kwenye mizani. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza.

Mjomba Evaristo alisoma barua yako kwenye baraza lile lile. Mimi nilisoma ya kwangu, maana kosa langu lina jina lake na halimo katika lako. Funguo amerudishiwa. Jenipher bado yuko kwao, anasema anaona aibu kurudi, na hiyo aibu nimemtia mimi. Kila Jumamosi nakwenda Mtange kumbembeleza. Nimewaandikia tena wachezaji wote. Kulitamka jambo hili kwa mkono wangu mara ishirini na tisa kumeniumiza kuliko kuligundua.

Nilitaka kukutukana. Nilikaa na kalamu nikijaribu. Nyumbani kwetu tunasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nashona nguo kutwa lakini sikukukagua. Nilikuwa nikipata barua yako naifungua kabla ya kuvua viatu. Nimewahi kukueleza mambo ambayo Romani hayajui. Ulipoona wivu ungeniambia, Yassini. Ningekuja Miteja na kaunta buku kichwani tukatunge pamoja. Hukuniuliza hata mara moja. Uliniacha niende Rutamba na kapu, ukaniacha nimshike Deo koo, na kila nilipokuandikia ulinijibu.

Kuhusu toleo la sita. Wachezaji ishirini na tisa wamekubali kuandika kila mmoja kanuni anazozikumbuka. Tayari zimefika za njaa, za ndoa za wafalme, za mvua, na za soko. Scholastica amekumbuka mpaka mifano ya Mzee. Benjamini naye ameandika, kurasa nne, bila maelezo. Zinapishana sana na nitakuwa nakosea, lakini juu ya kitabu kutakuwa na jina la Leonadi.

Kurasa zako kumi na moja nimezirudisha humu. Sikuzisoma. Niliziona ni mwandiko wako nikazikunja vile vile. Toleo letu halitakuwa na kuzingira. Ngome itakayofungwa mlango itabaki salama, na najua mchezo utapungua ladha, watu watalalamika. Wakiniuliza nitawaambia kanuni hiyo hatunayo.

Deo ameomba kucheza. Anasema anataka kujua baba yake alikuwa anasoma nini miaka yote ile. Mji uliokuwa wazi ni mmoja tu, Kisiwani, nimempa.

Nakutakia afya njema wewe na familia yako.

Dativa